Kupimwa Jinsia kwa Wanariadha wa Kike: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Nimefundisha mbio shuleni kwa miaka mingi. Kila jina la Caster Semenya, mkimbiaji wa Afrika Kusini, linaposikika redioni, simu yangu haikai kimya: wazazi, walimu wenzangu, wasichana niliowahi kuwanoa. Maswali yao ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Wengi wanauliza kuhusu homoni, na nitawajibu. Lakini kinachoniuma mimi ni kwamba bei ya kanuni hizi za kuamua nani akimbie na wanawake karibu yote imelipwa na mabinti wa vijijini wasio na wakili wala daktari wao.

Kwa nini ile fainali ya mita 800 ya Rio bado inazungumzwa?

Kwa sababu ya waliopanda jukwaani. Tarehe 20 Agosti 2016 Semenya wa Afrika Kusini alishinda kwa dakika 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi akawa wa pili, na Margaret Nyairera Wambui wa Kenya wa tatu. Kwa Burundi ilikuwa medali ya pili tu katika historia yake ya Olimpiki. Ya kwanza ilikuwa dhahabu ya Vénuste Niyongabo kule Atlanta mwaka 1996.

Mkimbiaji wa Poland aliyemaliza wa tano aliwaambia wanahabari kwamba anajiona kama mshindi wa medali ya fedha, na kwamba anafurahi kuwa wa kwanza kutoka Ulaya na mweupe wa pili kufika. Maneno hayo yalisemwa hadharani na wala hayakumgharimu chochote. Miaka mitatu baadaye wale watatu wa jukwaani walikuwa wamefungiwa mlango wa mita 800 kwa kanuni ya homoni, wote.

Kwani hao ni wanaume?

Hapana. Walizaliwa wakapokelewa kama wasichana, wakalelewa kama wasichana, na vyeti vyao vya kuzaliwa vinasema hivyo. Hakuna aliyejibadilisha, hakuna aliyedanganya mtu, hakuna aliyetumia dawa za kuongeza nguvu.

Wapo watu ambao miili yao tangu tumboni haikufuata njia moja iliyonyooka. Mtu anaweza kuwa na kromosomu za XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume, lakini akazaliwa na umbo la nje la kike. Tezi zake za uzazi zikabaki ndani na baadaye zikatoa testosteroni, homoni inayojenga misuli, nyingi kuliko ya wanawake wengi. Mara nyingi mwenyewe hajui. Anaanza kushtuka pale wenzake wanapovunja ungo naye hajavunja.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Neno huntha tunalo tangu zamani, na wanazuoni wa mirathi wana mlango mzima unaojadili huntha apewe fungu gani la urithi. Kenya iliwahesabu watu hawa katika sensa ya 2019, na sheria yake ya watoto ya mwaka 2022 inawatambua. Kumbe jamii zetu ziliwahi kukaa chini zikauliza: mtu huyu yupo, tumtendee haki vipi?

Lakini si haki pia ya wale wanaokimbia naye?

Ni haki yao, na siwezi kuwabeza. Mashindano ya wanawake yapo kwa sababu ukiwachanganya wote, mabingwa wa kike wasingefika hata fainali. Katika mbio, tofauti kati ya wanaume na wanawake bora duniani ni kama asilimia 10 hadi 12, na testosteroni ya wakati wa kubalehe ni sababu kubwa. Kiwango cha kawaida kwa wanawake ni chini ya nanomoli 2 kwa lita ya damu. Kwa wanaume huanzia kama 8 na kufika karibu 30. Msichana aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka kumi, kisha akaambulia nafasi ya nne kwa sekunde moja, ana haki ya kuuliza. Mpaka lazima uwepo mahali fulani, na aliyenyimwa medali asiitwe mbaguzi kwa sababu tu ameuliza ulipo.

Ninachokikataa ni namna mpaka huu ulivyochorwa. Michezo imejaa miili isiyo ya kawaida. Eero Mäntyranta wa Ufini alishinda medali saba za Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye theluji, tatu zikiwa za dhahabu. Baadaye iligunduliwa kwamba ukoo wao una jeni inayozalisha chembe nyekundu za damu kupita kiasi, kana kwamba mwili wake ulijichanja dawa wenyewe. Nchi yake ilimwenzi, na hakuna kanuni iliyotungwa dhidi ya damu kama yake.

Halafu lipo hili la kwamba hawashindiki. Rekodi ya dunia ya mita 800 ni ya Jarmila Kratochvílová wa Czechoslovakia, 1:53.28, iliyowekwa mwaka 1983. Semenya hakuwahi kuifikia. Muda wake bora ni 1:54.25. Katika mita 1500 alishindwa na Faith Kipyegon mwaka 2017 kule London, akaambulia shaba. Na mwaka 2025, kwenye mashindano ya dunia jijini Tokyo, kila mwanamke akiwa amekwisha kupimwa jeni, Lilian Odira wa Kenya alishinda mita 800 kwa 1:54.62, na waliomfuata wawili pia walikuwa na kasi kuliko Semenya wa Rio. Najua viatu vya siku hizi vinasaidia, na sisemi hilo limemaliza ubishi. Ila waliosema mtu wa kawaida hawezi kukimbia vile, tumemwona mtu akikimbia vile.

Kupima jinsia kulianza lini?

Zamani sana. Mwaka 1966, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Budapest, wanawake walipangwa mstari na kupita uchi mbele ya jopo la madaktari. Mwaka 1968 Olimpiki ya Mexico ikaleta kipimo cha kromosomu. Mwaka 1985 mruka viunzi wa Uhispania, María José Martínez-Patiño, alipimwa mjini Kobe akaambiwa ana XY. Mwaka uliofuata alipotakiwa kujifanya ameumia ili aondoke kimya kimya, alikataa. Alipoteza mchumba, nafasi kambini na rekodi zake, kisha akapigania jina lake mpaka akarudishwa, kwa kuwa mwili wake hauitikii testosteroni hata kidogo.

Kule Atlanta mwaka 1996 walipimwa wanawake 3,387. Wanane walionekana na tofauti, na wote wanane wakaruhusiwa kukimbia. Mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliachana na kipimo hicho, baada ya madaktari kulalamika kwa miaka kwamba kinawaumbua wanawake na hakikamati mwanamume yeyote aliyejigeuza.

Semenya aliingiaje katika haya?

Alikuwa na miaka 18, ametoka kijiji cha Ga-Masehlong huko Limpopo. Agosti 2009, kwenye mashindano ya dunia mjini Berlin, saa chache kabla ya fainali, dunia ilitangaziwa kwamba ametakiwa kupimwa jinsia. Aliingia uwanjani hivyo hivyo akashinda kwa 1:55.45. Kisha akawekwa kando kwa miezi 11.

Kanuni ya kwanza ya testosteroni ya shirikisho la riadha la dunia (leo World Athletics) ilikuja mwaka 2011, ikiweka kikomo cha nanomoli 10. Dutee Chand wa India, binti wa wafumaji wa nguo, aliipinga katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, nayo ikasimamishwa Julai 2015. Ndiyo maana Rio ilikimbiwa bila kikomo. Mwaka 2018 likaja toleo jipya: nanomoli 5, na kwa mbio za kati ya mita 400 na maili moja tu. Yaani mbio zile zile za Semenya.

Sayansi ya kanuni ile ya 2018 ilisimama wapi?

Ilitegemea sana utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na watafiti waliokuwa wakifanya kazi na shirikisho lenyewe, uliotumia takwimu za mashindano ya dunia ya 2011 na 2013. Ulidai kuwa wanawake wenye testosteroni ya juu walifanya vizuri zaidi katika mita 400, mita 400 viunzi, mita 800, kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Sasa tazama. Nyundo na upondo, ambako tofauti iliyotajwa ilikuwa kubwa, havikuwekwa kwenye kanuni. Mita 1500 na maili viliwekwa, ingawa utafiti huo haukuonyesha tofauti huko.

Watafiti wengine walikuta makosa katika takwimu. Agosti 2021 jarida lilichapisha sahihisho la waandishi wenyewe, wakikiri kwamba matokeo yao yalikuwa ya uchunguzi wa awali na hayakuthibitisha kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Kufikia hapo Olimpiki ya Tokyo ilikuwa imekwisha na wale watatu wa Rio hawakuikimbia mita 800.

Kwa nini wanaokamatwa ni Waafrika na Wahindi karibu watupu?

Swali hili ndilo ninalotamani watu waanze nalo.

Maumbile haya yapo duniani kote. Lakini mtoto akizaliwa katika hospitali kubwa ya Paris au Stockholm, daktari huona mapema, wazazi huelezwa, na kwa miaka mingi wengi wa watoto hao walifanyiwa upasuaji wakiwa wadogo (jambo lenye maumivu yake, maana mtoto hakuulizwa). Akizaliwa mikononi mwa mkunga kijijini, akiwa na umbo la kike, ataitwa binti na maisha yataendelea. Atafika miaka 17 akikimbia pekupeku kwenye mashindano ya wilaya, ashinde, apelekwe kambini, apande ndege. Mtu wa kwanza kumwambia lolote kuhusu mwili wake anakuwa daktari wa mashindano, kwa lugha asiyoielewa vizuri.

Pia kanuni za miaka hiyo hazikupima kila mtu. Zilianza na shaka, na shaka huanza na macho. Mwanamke mwenye taya pana, kifua bapa, sauti nzito na ngozi nyeusi ndiye aliyetiliwa shaka kwanza. Kipimo cha uanamke kilichokuwa vichwani mwa waamuzi hakikuchukuliwa kutoka Limpopo wala Nyeri.

Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walichapisha taarifa ya wanariadha wanne wa miaka 18 hadi 21, wote kutoka maeneo ya vijijini au milimani ya nchi zinazoendelea. Waliondolewa tezi zao, na wakapunguzwa kinembe. Nisome mara ngapi hilo la pili ndipo nilielewe? Kinembe kinaongeza kasi gani? Huku kwetu tunawafunga watu kwa kukeketa wasichana.

Annet Negesa ni nani?

Ni Mganda. Alikuwa na dhahabu ya Michezo ya Afrika ya 2011 pale Maputo, na alikuwa anajiandaa kwa Olimpiki ya London ya 2012 alipoambiwa asiende, homoni zake ziko juu. Mwishoni mwa mwaka huo alifanyiwa upasuaji Kampala akaondolewa tezi za ndani. Anasema alidhani anakwenda kuchomwa sindano tu. Hakupewa matibabu ya homoni aliyostahili baada ya hapo. Mwili ukadhoofika, maumivu ya kichwa na viungo hayakumwacha, na mbio zikaisha. Shirikisho la dunia limekana kwamba lilishauri afanyiwe upasuaji. Mwaka 2019 alisema yote hadharani kwenye televisheni ya Ujerumani, na nchi hiyo ikampa hifadhi.

Alikuwa na miaka 20. Hakuwa na wakili chumbani, wala mtu wa kumtafsiria karatasi.

Si wangemeza tu vidonge?

Semenya alimeza, kwa takriban miaka mitano baada ya 2010. Ameeleza kichefuchefu, homa, uzito kuongezeka, tumbo kuuma bila kukoma. Dawa za kupunguza homoni hupewa mgonjwa ili apone. Hapa zinapewa mtu mzima wa afya ili aruhusiwe kazini. Aprili 2019 Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari wasishiriki kutekeleza kanuni hizo.

Si wangehamia mbio nyingine?

Niyonsaba alihama. Aliacha mita 800 aliyoizoea, akaenda mita 5000 na 10,000, mbio za kujifunza upya kabisa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alimaliza wa tano katika mita 10,000. Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 mjini Zagreb kwa 5:21.56. Christine Mboma wa Namibia, akiwa na miaka 18, alizuiwa mita 400 wiki chache kabla ya Olimpiki hiyo hiyo. Akashuka mita 200 na kurudi na fedha.

Machi 2023 shirikisho likapanua kanuni kwa mbio na mashindano yote, kikomo kikashuka hadi nanomoli 2.5. Waliohama wakakuta mlango umefungwa kule walikohamia pia.

Kwa nini wasiundiwe kundi lao?

Wambui mwenyewe aliwahi kulipendekeza mwaka 2021, na namheshimu kwa hilo; aliongea kama mtu anayetaka tu kukimbia. Mimi naogopa. Kila atakayejiandikisha atakuwa ametangaza siri ya mwili wake kwa kijiji kizima, mashindano yenyewe yatakuwa na watu wanne, na mdhamini wa watu wanne sijamwona.

Mahakama zimesema nini?

Mei 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, majaji wawili dhidi ya mmoja, ilikubali kwamba kanuni ni ya kibaguzi. Kisha ikasema ubaguzi huo ni wa lazima na wa kadiri inayofaa ili kulinda mashindano ya wanawake. Siku mbili baadaye Semenya alikimbia Doha akashinda kwa 1:54.98, ikawa mita 800 yake ya mwisho kubwa kabla kanuni haijaanza. Mahakama ya juu ya Uswisi, nchi yenye makao ya mahakama hiyo ya michezo, ilikataa rufaa yake mwaka 2020. Akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Julai 2023 alishinda kwa kura nne dhidi ya tatu. Tarehe 10 Julai 2025 baraza kuu la mahakama hiyo likasema Uswisi haikumpa usikilizwaji wa haki, ikaamriwa kumlipa euro 80,000 za gharama. Malalamiko ya ubaguzi wenyewe hayakuamuliwa.

Kanuni haikufutwa. Lakini hukumu hiyo imesema jambo zito: mwanariadha hana hiari, analazimika kwenda kwenye mahakama moja aliyochaguliwa na shirikisho, kwa hiyo mahakama za kawaida zinapaswa kuichungulia kazi yake kwa makini zaidi.

Nini kimebadilika tangu Septemba 2025?

Sasa anayetaka kukimbia na wanawake kwenye mashindano ya dunia anapimwa jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y na kuanzisha ukuaji wa kiume, mara moja maishani, kwa kufutwa ndani ya shavu au kwa damu. Isipoonekana, anapita. Ikionekana, anazuiwa, isipokuwa vipimo zaidi vionyeshe kwamba mwili wake hauitikii testosteroni kabisa. Wachache waliokuwa tayari chini ya kanuni za zamani waliwekewa utaratibu wa mpito.

Uzuri wake ni mmoja: wanapimwa wote, Mzungu na Mwafrika. Lakini Andrew Sinclair, mmoja wa wanasayansi waliogundua jeni hiyo mwaka 1990, amejitokeza kusema kipimo hiki hakifai kuamua jinsia ya mtu. Kinaonyesha kwamba jeni ipo. Hakionyeshi imefanya kazi gani mwilini.

Na sisi wenyewe, mikono yetu ni safi?

Hapana. Kabla ya Berlin, viongozi wa riadha wa Afrika Kusini walimpima Semenya huko Pretoria bila kumweleza sawasawa anapimwa nini, na rais wa shirikisho lao baadaye alikiri kwamba alidanganya umma kuhusu vipimo hivyo.

Na haya yapo mpaka shuleni. Niliwahi kuwa na msichana wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye misuli, hodari wa mita 400. Kwenye mashindano ya kanda mwalimu wa shule pinzani alidai huyu ni mvulana. Wakati mimi nabishana kwenye meza ya waamuzi, walimu wawili walimpeleka chooni wakamvua. Walirudi wakasema haya, ni msichana, akimbie. Hakukimbia siku ile, na hakurudi mazoezini tena. Ningekuwa nimesimama karibu naye badala ya mezani, ningewazuia.

Binti yangu ameitwa kupimwa. Tufanye nini?

Kwanza msikatae kwa hasira wala msikubali kwa haraka. Ulizeni kwa maandishi: kinapimwa nini, kwa kanuni ipi, maabara gani, na majibu yatafika kwa nani. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha mnayoielewa kabla ya kutiwa saini. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi awepo chumbani. Kocha hahitajiki humo.

Majibu ni mali yake. Taarifa za afya zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 nchini Kenya, na ile ya taarifa binafsi ya 2022 nchini Tanzania. Kiongozi wa michezo akizitaja kwa mwandishi wa habari, mnaweza kulalamika rasmi.

Kama majibu yana tofauti, ombeni rufaa ya vipimo na mwoneni daktari wa homoni asiyelipwa na shirikisho, pamoja na mshauri nasaha. Na mtu yeyote akitaja upasuaji, jueni kwamba kanuni za riadha hazimlazimishi mwanariadha afanyiwe upasuaji. Mwambieni aliyeutaja aandike jina lake na sababu zake kwenye karatasi, halafu mwondoke nayo.